Biasha wa Kibao cha Nazi

Biasha binti Nassibu alizaliwa kisiwani Songo Songo. Aliletwa kwetu Njinjo na mume wangu Mfaume, msimu ambao mikorosho yangu ilizaa kuliko misimu yote.

Nasema mikorosho yangu kwa sababu niliipanda mimi. Mwaka uliofuata ule wa uhuru, Mfaume alikuwa bado anazunguka kwenye mikutano akipiga makofi, na mimi nilikuwa mlimani na jembe, nachimba mashimo na kutia mbegu mbili mbili, na mimba tumboni. Mimba ile haikukaa. Mikorosho ilikaa. Ilipoanza kujaza magunia, Mfaume akanunua redio, akanunua baiskeli, kisha akaenda Songo Songo kununua samaki wa kukausha. Akarudi na samaki na mke.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nieleze habari za mke mwenzangu badala ya zangu. Zangu ni fupi, nimeshazimaliza hapo juu.

Biasha alikuwa msichana mrefu, mwenye shingo ndefu na maneno mengi. Mambo ya pwani aliyajua vizuri. Alisuka ukili bila kuangalia mikono yake, na akikuna nazi hubaki kifuu kisafi ndani, huwezi kupata tena hata chembe. Lakini jembe lilimshinda. Akilima mstari mmoja anakaa chini, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Akipanda kilima cha kisimani anasimama mara tatu kama bibi kizee. Nikasema ni mvivu, na kila mtu akasema ni mvivu, isipokuwa Mfaume ambaye alisema ni mtoto bado.

Kule shambani kila mmoja wetu alikuwa na nyumba yake, mihogo katikati, kwa hiyo nilimwona pale tu nilipotaka kumwona. Masika moja nikamsikia anakohoa. Nikaenda kumwambia akohoe kwa adabu watu walale, nikakuta kuna damu kwenye kanga. Siku hiyo ndiyo uvivu wake ulipoacha kuwa uvivu.

Alipelekwa hospitali, kisha hospitali nyingine, mpaka wakamwambia maneno ambayo alinisimulia mimi kwa sababu Mfaume hakuyaelewa. Moyo una milango ndani yake, ya kupitisha damu. Alipokuwa mtoto kule kisiwani aliwahi kuugua koo, viungo vikamvimba, akapona. Kumbe alipona viungo tu. Mlango mmoja wa moyo ukabaki na kovu, ukawa unafunguka kwa shida zaidi kila mwaka unaopita. Walitaka apelekwe Dar es Salaam, madaktari wamfungue kifua, waupanue mlango ule kwa mkono.

"Kwa mkono wa nani?" nilimwuliza.

"Wa daktari, dada Mboni. Anaingiza kidole."

"Kwenye moyo."

"Kwenye moyo."

"Basi akate kucha," nikasema. Akacheka mpaka akakohoa tena.

Mfaume akaenda naye. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Wao wakiwa Dar es Salaam, kwetu yalikuja malori na mgambo, tukaambiwa tushuke kutoka mashambani tukakae barabarani pamoja, kwenye mistari, kila kaya na kiwanja chake. Kaya yetu ilihesabiwa moja, kwa jina la Mfaume. Nikawaambia wake ni wawili. Wakaniambia mume ni mmoja. Nguzo nilikata mimi, fito nilifunga mimi, udongo nilikandika na wanawake wa jirani, na kizingiti nilikichimbia mwenyewe. Vyumba viwili, na uwanja wa nyuma wa jiko. Mikorosho ikabaki mwendo wa nusu siku kutoka pale, inamezwa na majani.

Nyumba ilikuwa haijakauka udongo Biasha aliporudi. Alishuka barabarani akatembea mpaka mlangoni bila kusimama hata mara moja. Niliona hivyo kabla sijaona kitu kingine. Kisha akanionyesha kovu. Lilianzia chini ya ziwa la kushoto, likazunguka ubavuni hadi mgongoni, kama mtu aliyefungwa mshipi mkali ukafunguliwa. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyerudi na nguo mpya.

Mfaume alilala siku chache, akaaga anakwenda Lindi kutafuta mabati. Nikamwambia nyumba ni ya makuti na makuti yanatosha. Akasema mwanamke hajui maendeleo. Mabati hayajafika mpaka leo. Tulisikia baadaye kwamba Lindi kuna mjane mwenye hoteli ya chai, na Mfaume ndiye anayekaa mlangoni akikaribisha wateja.

Kwa hiyo tulibaki wawili, chini ya paa moja, na hakuna kati yetu aliyeomba kukaa na mwenzake.

Wa tatu aliyeingia kati yetu alikuwa Bi Mwanaasha. Huyu ndiye kungwi wa kijiji chetu. Wengi wetu tulipita mikononi mwake unyagoni, na wengi wa watoto wetu walidakwa na mikono hiyo hiyo walipozaliwa. Hakuna mwanamke wa Njinjo aliyekuwa akimjibu. Alikuja kumwona Biasha, akapitisha kidole kwenye kovu lote, kisha akahukumu.

"Huyu ni mzazi," alisema.

"Mzazi wa nini, bibi?" Biasha akauliza.

"Mwili uliofunguliwa kwa chuma ukatolewa ugonjwa, ni sawa na uliofunguka ukatoa mtoto. Arobaini ndani. Alale chali, afungwe kifua, akandwe asubuhi na jioni. Asivuke kizingiti bila ruhusa ya mumewe."

Mimi pia niliona ni sawa. Ndivyo tunavyomtunza mzazi, na hatukuwa tumewahi kumwona mtu aliyepasuliwa moyo. Nikamfunga kifua kwa kanga mbili, nikazikaza kwa goti. Nikachemsha maji na majani ya mwarobaini, nikamkanda. Nikampikia uji wa pilipili manga. Alilala chali chumbani, anaangalia makuti, na kila aliyepita aliuliza hali yake nami nikajibu mzazi hajambo.

Mwanzoni hakuwa na jambo kweli. Kisha homa ikaja. Ilianza kama uchovu, ikapanda, na pamoja nayo yakaja maumivu ya kifua.

"Dada Mboni, nifungue kanga."

"Nikikufungua moyo utashuka. Bibi amesema."

"Uende wapi? Mlango umeshafunguliwa. Ungetaka kutoka ungetokea huko huko Dar es Salaam."

"Wewe unatania na jasho linakutoka hivyo."

"Naogopa nikiacha kutania nitalia," akasema. "Ni kama mwiba wa samaki. Kila nikivuta pumzi unachoma hapa, unapanda mpaka begani. Nikilala ndiyo kabisa."

Nikamwambia asivute pumzi ndefu. Ndiyo dawa niliyokuwa nayo.

Asubuhi moja, jua limeshatoka, niliingia chumbani na maji ya kukanda nikakuta kitanda kitupu. Nilimkuta uwanjani nyuma. Alikuwa amekaa juu ya kibao changu cha kukunia nazi. Kila mtu anakijua kibao hicho: kiti kifupi cha mbao, mbele yake umetokeza ulimi wa chuma wenye meno, na mkunaji huinama mbele juu yake. Biasha alikuwa ameinama hivyo hivyo, viwiko juu ya magoti, kichwa chini, kanga za kifua amezitupa mchangani. Hakuwa na nazi wala sinia.

"Unakuna nini?" nikamwuliza.

"Hewa," akasema. "Acha nikune, dada. Hapa napumua."

Nilichuchumaa nikamtazama. Ilikuwa kweli. Midomo ilikuwa inarudia rangi yake. Nikamwambia arudi kitandani kabla hajaonekana. Akajaribu. Alipoweka mgongo kwenye kitanda macho yakamtoka, akanishika mkono akanikwaruza. Nikamwinua, nikamrudisha kwenye kibao. Pumzi ikarudi. Nikachukua kitambaa nikauzungushia ule ulimi wa chuma, usije ukamchoma akisinzia.

Siku ile na zilizofuata alikaa pale, anasinzia akiwa ameinama, homa inamwaka. Uwanja wetu umepakana na njia ya kisimani. Watu wakaona. Mwanamke aliye ndani ya arobaini, macho mekundu, amekaa juu ya kibao cha nazi tangu asubuhi mpaka jioni na hana nazi. Watoto wakaanza kumwita Biasha wa Kibao. Wakubwa hawakucheka.

Bi Mwanaasha alikuja na wanawake wengine. Walisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Amekaa tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Hakai yeye," akasema. "Anakalishwa. Huyu ametoka Songo Songo, na shetani wa baharini amemfuata. Kifua kilipofunguliwa akapata pa kuingilia. Sasa anadai nazi, huoni? Tutafanya ngoma Alhamisi. Tafuta nazi na shuka nyeupe. Atalazwa kwenye mkeka, chali, afunikwe, mpaka shetani aseme."

"Bibi, akilala chali hapumui."

"Ndiyo maana ya ngoma. Apate kupumua."

"Lakini akikaa hivi anapumua sasa hivi, na hatujapiga ngoma."

Wale wanawake wakatazamana.

"Mboni," mmoja akasema, "umeanza lini kumwonea huruma bi mdogo?"

Wakacheka. Nami nilijua wangecheka, kwa sababu wote walikuwa wamesikia niliyoyasema juu ya Biasha miaka ile yote, na sikuwa nimesema kwa sauti ndogo.

"Sijaanza," nikajibu. "Ila akifa kwenye mkeka, nyinyi mtarudi kwenu na ngoma zenu. Mimi nitabaki hapa naulizwa nilimlisha nini."

Kicheko kikaisha. Hakuna aliyekuwepo asiyejua kwamba mke mdogo akifa katika nyumba ya mke mkubwa, watu hawaulizi ugonjwa.

"Basi unataka nini?" Bi Mwanaasha akauliza.

"Nataka waliomfungua wamwone. Au wenzao. Nampeleka hospitali Kivinje."

"Mumewe hayupo. Nani amempa ruhusa ya kuvuka kizingiti?"

"Kizingiti nilikichimbia mimi, bibi," nikasema. "Najua kinavyovukwa."

Sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Aliondoka bila kuaga, na wenzake wakamfuata. Biasha hakuinua kichwa, lakini nilimsikia akisema chini, "Leo umenioa wewe."

"Nyamaza," nikamwambia. "Nani aoe mwanamke asiyeweza kulima."

Lori la ushirika lilikuwa kijijini likipakia pamba. Dereva wake, Fakihi, ni Mngindo, na Wangindo kwetu ni watani. Nilimkuta anafunga kamba.

"Mtani, nina mgonjwa wa kupeleka Kivinje."

"Mlete nimlaze juu ya pamba. Hata Sultani hakulala hivyo."

"Halali. Anakaa. Na anakaa kwenye kibao cha nazi, kwa hiyo kibao nacho kinakwenda."

Fakihi akaacha kamba. "Nyinyi Wamatumbi mkienda kutibiwa mnahama na jiko?"

"Na nyinyi Wangindo mkialikwa mnakuja na vijiko tu. Nisaidie kumpandisha."

Alimwona Biasha, na utani ukamwisha. Alimbeba mwenyewe. Tukaweka kibao katikati ya magunia, tukakizuia kwa gunia kila upande, Biasha akakaa juu yake ameinama, nami nyuma yake nimemzungushia mikono kiunoni. Fakihi aliendesha kama anayebeba mayai. Hata hivyo barabara ya Njinjo ni barabara ya Njinjo, na kila shimo nilimsikia Biasha akiuma meno. Alikuwa wa moto kama chungu. Kuna mahali alilegea kabisa, nikamwita, hakujibu, nikamfinya.

"Usinifinye," akasema. "Bado nipo."

Niliendelea kumsemesha ili nimsikie. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo dhidi yake tangu siku aliyoshuka na samaki wa Mfaume: kanga yangu aliyoiazima na kuirudisha imeungua, redio aliyoifungulia asubuhi ya msiba wa mama yangu, mikorosho. Kila moja alijibu, "Kweli," au, "Hiyo siyo mimi, hiyo ni Mfaume." Tulifika Nangurukuru sijamaliza.

Pale njia panda lori likasimama kidogo. Wanawake wa vibanda vya vyakula wakainua macho, wakamwona mtu juu ya pamba, ameinama kwenye kibao cha nazi.

"Mama," mmoja akaniita, "hiyo nazi mnamkunia nani huko juu?"

Biasha akacheka, kicheko kikamchoma, akalia. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona analia. Nikamwambia Fakihi twende.

Hospitalini muuguzi aitwaye Veronika alituletea kitanda cha magurudumu, akataka kumlaza. Nikasema hapana. Akasema mgonjwa hapimwi akiwa amekaa kwenye kibao. Nikamwambia basi apimwe hivyo leo. Tulikuwa tunavutana shuka pale ukumbini alipotokea daktari. Alikuwa kijana wa Kimakonde, jina lake Klementi, ameshika kikombe cha chai. Alimtazama Biasha, akaweka kikombe dirishani, akachuchumaa mbele yake.

"Nani aliyemkalisha hivi?"

"Kajikalisha," nikasema.

"Akilala?"

"Anakufa."

"Akivuta pumzi ndefu?"

"Mwiba wa samaki," Biasha akasema mwenyewe. "Mpaka begani."

Daktari akafunua kanga akaona kovu. Akauliza alipasuliwa lini na wapi, homa ilianza lini. Alikuwa anaitikia kabla hatujamaliza kujibu. Hakumlaza. Alimwambia ainame zaidi, atoe pumzi yote, anyamaze, akaweka kile chombo chake cha kusikilizia kwenye kifua, upande wa kushoto wa mfupa. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akamwita Veronika asikilize. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa nimeshika kibao kwa mikono miwili kama nitanyang'anywa, akaniwekea mimi masikioni.

Nilitegemea kusikia moyo ukidunda. Ulidunda, lakini juu yake kulikuwa na sauti nyingine, kavu, inakwenda na kurudi, inakwaruza. Nikarudisha kile chombo haraka.

"Kuna mtu anakuna nazi mle ndani," nikasema.

Daktari hakucheka. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Sikiliza, mama. Moyo umevikwa mfuko mwembamba wa ngozi, wa tabaka mbili. Kwa kawaida tabaka hizo zinateleza, hazina sauti. Wale walipotaka kuufikia moyo iliwabidi waukate mfuko. Walifanya sawasawa, na mlango wa moyo unafunguka vizuri, nimeusikia. Lakini kwa baadhi ya watu, wiki kadhaa baada ya kupasuliwa, mwili unaugeukia ule mfuko kama adui. Unavimba, unakwaruzana, unajaza maji. Akilala, uvimbe unabanwa. Akiinama mbele, unapata nafasi."

"Kwa hiyo siyo shetani."

"Sijui habari za shetani. Ugonjwa huu ninaujua."

"Na arobaini? Kulala chali, kufungwa kifua?"

Alikuna kidevu. "Msimfunge tena," akasema tu. Kisha akauliza, "Kwani Dar es Salaam hamkuambiwa? Wagonjwa hawa huambiwa wote. Homa ikirudi, kifua kikichoma, arudishwe siku hiyo hiyo."

Nilimtazama Biasha. Biasha alitazama sakafu.

"Aliambiwa Mfaume," akasema.

Nimenyimwa mengi na Mfaume, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau. Lilikuwa sentensi moja tu. Alikaa nayo tangu Dar es Salaam mpaka Njinjo, akala chakula changu siku zile chache, akaondoka nayo Lindi.

Wakampiga picha ya kifua. Daktari akaniinulia ile picha dirishani akanionyesha kivuli cha moyo, kimetanuka kama chungu. Ni maji, akasema. Angempa vidonge vya kutuliza uvimbe, aspirini nyingi pamoja na uji, na vingine vidogo vyenye nguvu zaidi. Kama maji yangezidi na kuubana moyo, angeingiza sindano ayatoe. Nikamwuliza kama amewahi kuingiza sindano hiyo.

"Nimeona ikiingizwa," akasema.

Jibu lile nililala nalo. Nilikaa sakafuni karibu na kibao, Biasha ameinamia meza ndogo yenye mto ambayo Veronika alimletea, na kila daktari alipopita nilitazama mikono yake kama ina sindano. Alimshika Biasha mshipa wa mkono, akamtazama mishipa ya shingo, akaenda. Akarudi, akafanya vile vile, akaenda. Sikuwa na la kufanya. Mimi ni mtu wa kufanya. Nilifagia wodi nzima mpaka wagonjwa wakadhani nimeajiriwa.

Homa haikushuka siku ya kwanza. Iliyofuata, mchana, nilimshika mgongo nikakuta maji. Kanga imelowa, mwili umepoa. Nilidhani ndiyo mauti. Nikamwita kwa jina la baba yake.

"Binti Nassibu."

"Nina njaa," akasema. "Uji wa hapa hauna chumvi wala nazi. Hospitali ina kibao na haina nazi, umeona wapi?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Veronika alinikuta pale akaniuliza kama naumwa. Nikamwuliza nazi zinauzwa wapi.

Siku chache baadaye daktari alisikiliza tena, akasogeza chombo huku na huku akitafuta. "Siisikii," akasema. Akanipa mimi. Moyo ulikuwa unadunda peke yake mle ndani, hakuna anayekuna kitu.

Kisha akamwambia Biasha alale.

Biasha akakataa. Mtu aliyekuwa anatania hata homa ikimwaka alishika kibao akasema hataki, alale yeye daktari. Hatukumlazimisha. Nilimshika shingo kwa mkono mmoja na mgongo kwa mwingine, kama unavyomlaza mtoto mchanga, nikamshusha kidogo. Tukasubiri. Nikamshusha tena. Alikuwa amenishika kidole gumba. Mgongo ukagusa godoro, mabega yakagusa, nikatoa mkono chini ya kichwa chake polepole. Alifumba macho. Veronika hakusogea, wala daktari. Nilikitazama kifua chake kikapanda, kikashuka, kikapanda.

Akafumbua macho.

"Dada Mboni," akasema, "dari hii ina utando wa buibui. Ulifagia chini tu?"

Baada ya chakula cha mchana alilala usingizi, chali, mikono ameitupa huku na huku, mdomo wazi, akikoroma. Kule shambani nilikuwa nasikia mkoromo ule kutoka nyumba ya pili nikajifunika masikio. Siku ile nilivuta kibao karibu na kitanda nikakikalia mimi, nikausikiliza mpaka jioni.

Tuliporudi Njinjo Bi Mwanaasha alikuja kutupokea na bakuli la unga. Hakusema juu ya ngoma, nami sikusema juu ya kizingiti. Alihesabu kwa vidole, akasema arobaini imetimia hospitalini, mzazi anaweza kutoka. Tukasema ahsante bibi. Hajaagiza tena mtu aliyetoka kupasuliwa afungwe kifua. Anasema ni kwa sababu kanga za siku hizi ni nyepesi.

Ugonjwa ule ulijaribu kurudi mara moja, mwaka uliofuata, kama daktari alivyotuonya. Biasha alisikia ule mwiba asubuhi, na jua halijatua tulikuwa Kivinje, kibao kwapani. Alipewa vidonge ukaondoka. Haujarudi tena.

Mfaume alimpa Fakihi salamu kutoka Lindi, anauliza kama Biasha yuko hai na kama anaweza kusafiri.

"Mwambie nipo," Biasha alimjibu, "na nina kazi shambani."

Kazi yenyewe ni mikorosho yangu. Siku hizi tunakwenda wote wawili kuipalilia, nusu siku kwenda, tunalala kule kwenye kibanda, tunarudi. Kilima cha kule anapanda akiwa mbele yangu, na mimi ndiye ninayemwita asubiri. Jembe analishika kama ana ugomvi na ardhi. Bado ana maneno mengi, bado anaazima kanga zangu. Sijamsamehe mambo yote na hajaniomba.

Jioni ndiye anayekuna nazi, nami nikiwa ndani au kwenye kuni nasikia sauti ile kavu, inakwenda na kurudi. Mpaka leo nikiisikia naweka chini nilichoshika, nachungulia uwanjani. Nikiona kifuu mkononi mwake na sinia chini, narudi kwenye kazi yangu.